Kadi za Akiba Zilikaa Ruangwa

Mwanamume yule alikuwa akimwita mke wangu "mke wangu", na mimi nilitakiwa nicheke. Ndivyo utani ulivyo. Yeye ni Myao, sisi mimi na mama watoto ni Wamwera, na mtani akikuvua shati mbele za watu unatakiwa umshukuru kwa kukupunguzia joto. Basi nilicheka. Miaka yote ile nilicheka, na kila nilipocheka roho iliniuma.

Mke wangu ni fundi wa vipimo katika kiwanda cha kubangulia korosho hapa Nachingwea. Mimi ni fundi cherehani, nina baraza langu sokoni. Nyumba moja ina mafundi wawili, lakini mtu akibisha hodi na kuuliza, "Fundi yupo?", nimekwisha kuzoea kujibu, "Yuko kazini." Nyumba yenyewe imejengwa kwenye kiwanja cha mama yake. Mimi mtu wa Likunja, nilioa nikahamia ukweni kama walivyofanya wazee wetu wengi, na mwanamume aliyehamia ukweni hana mlango wa kumtolea mtu nje. Wakikosana, anayefunga mizigo ni yeye. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, na halikunisumbua mpaka mtani alipoingia.

Nieleze kidogo kazi ya mke wangu, maana bila hiyo wivu wangu utaonekana wa kitoto. Ndani ya tanuri la kukaushia korosho kumechomekwa vipima joto. Kila kimoja kina waya unaokwenda hadi kwenye kabati la chuma, na ndani ya waya unapita umeme mdogo mno. Joto likiwa chini umeme unapungua, likipanda unaongezeka. Ndani ya kabati kuna kadi, vibao vyenye unene wa kitabu cha shule, na hizo ndizo zinazoupokea umeme ule na kuugeuza kuwa namba. Mtambo unaitazama namba, ndipo uamue kuongeza moto au kupunguza. Kadi ikisema uongo mtambo unaamini, korosho zinaungua, na kwenye kioo cha mtambo mambo yanaonekana shwari.

Tatizo ni kwamba waliozitengeneza kadi zile waliacha kuzitengeneza. Walitoa za aina mpya ambazo haziingii kwenye kabati la zamani hata uzisukume kwa goti. Cherehani yangu ni kuukuu kuliko mimi mwenyewe, na sindano zake na bobini utazipata duka lolote kuanzia hapa mpaka Mbekenyera. Kadi za mke wangu zilikuwa bado zinang'aa na tayari hazipatikani popote. Nilimwambia kwa kumchokoza kwamba vitu vya kisasa vinakufa vijana. Hakucheka, akaniambia nisizungumzie mambo nisiyoyajua.

Uongozi wa kiwanda haukuwa tayari kubadilisha mtambo mzima, kwa hiyo yeye akaanza kuzilea kadi kama mtu anayelea mgonjwa. Nyaya za tanuri na za boila alizihamishia kwenye matundu ya kadi yaliyokuwa bado mazima. Vipimo visivyo na haraka alivitoa kwenye kadi kabisa, akaweka saa za mshale, mfano wa zile za mafuta kwenye gari, ambazo wafanyakazi wanazisoma kwa macho. Kisha akaanza kutafuta ni nani mwingine kanda hii mwenye kadi kama zake, na hivyo ndivyo alivyompata yule mtani wa Ruangwa, fundi wa kiwanda cha kukamua mafuta ya ufuta. Kabati lake na la mke wangu yalikuwa mapacha. Wakaelewana, na wakubwa zao wakakubali, kwamba kila kadi ya akiba itakayopatikana iwe ya viwanda vyote viwili, na akiba hiyo ikae kwake.

"Kwa nini ikae kwake?" nilimuuliza.

"Chumba chake kina kiyoyozi. Kwetu kuna vumbi la korosho na joto. Kadi itafia kabatini kabla haijafanya kazi."

Sababu ilikuwa nzuri, na hakuna kitu kinachomkera mwenye wivu kama sababu nzuri. Maana yake ni kwamba kila kadi ilipokufa Nachingwea, mke wangu alikwenda Ruangwa.

Simu zilikuwa nyingi. Nakumbuka Ijumaa moja, tumetoka kuswali na kula, yeye na mama yake wanapukuchua mbaazi uani, mimi nimekaa kwenye kigoda. Simu ikaita, akaiweka sauti ya nje kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

"Mke wangu hajambo?" sauti ikauliza.

"Sijambo, mume wangu wa mbali."

"Na huyo mfanyakazi wetu wa ndani, yule wa vifungo, anakupikia vizuri?"

"Anajitahidi. Jana kaunguza."

"Mvumilie tu. Nikija kukuchukua tutamwachia cherehani yake, asilie sana."

Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Alimpenda sana mtani yule, ambaye hajawahi kumwona. Mimi nikajikaza kisabuni, nikasema kwa sauti, "Njoo, mtani, lakini njoo na sanda yako kabisa." Wakacheka wote watatu. Halafu sauti ya simu ikabadilika. "Sasa sikiliza. Ile ya pili imeanza kuchezacheza," akasema, na mke wangu akaacha mbaazi, akaizima sauti ya nje, akasimama kwenye ua na simu sikioni kwa muda mrefu. Utani waliufanya mbele yangu. Kazi waliifanyia pembeni, na mimi niliogopa kazi kuliko utani.

Nikatafuta njia ya kwenda kumwona. Kadi nyingine ilipokufa nilimwambia mke wangu kwamba nataka kumjulia hali shangazi yangu Likunja, basi nitampeleka Ruangwa kwa pikipiki, tutapita kwa shangazi wakati wa kurudi. Alinitazama kama anayesoma namba kwenye kioo, akasema haya.

Nilitegemea kumkuta mwanamume mzuri. Alikuwa mfupi, ana kitambi kidogo, na shati lake lilikuwa limeshonwa vibaya begani, mkono mmoja umekaa mbele kuliko mwingine. Nilifurahi kuliona lile bega. Alinipokea kwa matusi ya kitani, nami nikamrudishia yake, na nikaanza kujiona mjinga kwa kumwogopa mtu wa namna ile. Kisha wakaanza kuijaribu kadi kabla mke wangu hajaichukua.

Mtani alitoka nje mpaka kwenye matangi, akiwa na kifaa cha kutia umeme kidogo kwenye waya. Mke wangu alibaki ndani mbele ya kabati, simu kaibana kwa bega, akisoma kama umeme unaofika ni ule ule uliotumwa. Mimi nilipewa kiti.

"Nakutumia nne," alisema yule.

"Nne imefika."

"Nane."

"Nane."

"Kumi na mbili."

"Rudia."

"Kumi na mbili."

"Sawa, imetulia. Endelea."

Wakapanda hivyo mpaka ishirini, wakashuka tena mpaka nne. Hapakuwa na neno la mapenzi wala la utani. Mara yule akanyamaza kabisa, na mke wangu akasubiri bila wasiwasi. Nikamuuliza kuna nini. "Anabadilisha waya," akanijibu, na kweli baada ya muda sauti ikarudi, "Tundu la tatu." Alijua kwa nini mwenzake amenyamaza, na hawakuwa wakionana. Mimi nikinyamaza nyumbani, ananiuliza kama nimekula. Pale kwenye kiti, na baridi ya kiyoyozi ikinipiga shingoni, nilimwonea yule mtu wivu ambao sikuwahi kumwonea mtu yeyote, wala shamba la mtu, wala afya ya mtu. Laiti ningewakuta wameshikana mikono ningejua la kusema.

Kwa shangazi sikula vizuri. Akasema nimekonda.

Habari ya mwisho wa kadi ilikuja baadaye, tukiwa nyumbani tunakula. Kiwanda cha Ruangwa kilikuwa kimeamua kung'oa kabati lote na kuweka mtambo mpya wenye kadi mpya. Kadi zote za zamani, zile zilizokuwa zikifanya kazi na zile za akiba, angepewa mke wangu azitumie kuuvusha mtambo wetu misimu michache mingine. Moyo wangu ulifanya sherehe. Kadi zikija zote Nachingwea, safari zimekwisha, na simu nazo zitakwisha, maana wasio na ugonjwa mmoja hawaulizani dawa.

"Na wanahitaji fundi wa pili," mke wangu akaongeza, akiumega ugali. "Kwa huo mtambo mpya. Wamesema nifikirie."

"Nani kasema?"

"Wakubwa. Yeye ndiye aliyelitaja jina langu."

"Na umefikiria?"

"Nafikiria."

Siku zilizofuata nilishona kama mtu aliyefumba macho. Sare moja ya shule niliitia mfuko kwa ndani, mzazi akaja nayo barazani na kuivaa juu ya nguo zake kunionyesha, soko zima likaangua kicheko. Sikuwa na hoja ya kumzuia mke wangu. Kazi ilikuwa nzuri kuliko aliyonayo, mtambo ulikuwa wa kisasa, na Ruangwa si ng'ambo ya bahari. Hata mimi ningeweza kubeba cherehani yangu nikamfuata. Lakini ningemfuata ili nikakae kwenye kile kiti, kila siku ya maisha yangu.

"Huyo mtani wako anakutakia mema sana," nilimwambia siku moja.

"Ni mtani wako pia."

"Mimi hajanitafutia kazi."

"Kwani unataka kazi ya kadi?"

"Nataka mke."

Aliacha kukunja nguo. "Unaye," akasema, na akaendelea kukunja. Nililigeuza neno lile upande huu na huu kama kitambaa kisichojulikana mbele ni wapi, nikashindwa.

Siku ya kwenda kuzichukua kadi hakuniomba nimsindikize, wala hakunikataza. Tulipanda gari la abiria asubuhi. Chumba cha kiyoyozi kilikuwa kimebadilika: kabati jipya limesimama ukutani, dogo na jembamba, na lile la zamani limeinamishwa pembeni, tupu. Mtani alikuwa amezifuta kadi zote vumbi, amezitia kila moja kwenye mfuko wake wa fedhafedha, na kuzipanga ndani ya boksi. Kwenye mifuko alikuwa ameandika kwa kalamu ni tundu lipi lililokufa na lipi linalosoma pungufu. Niliingia nimejiandaa. Njiani nilikuwa nimelitunga tusi zuri kuhusu lile bega la shati.

"Karibu, kaka," akaniambia. "Habari za Nachingwea?"

Nikasubiri. Hakuna kilichofuata. "Vipi, mtani," nikasema, "leo ulimi umeuacha nyumbani?"

"Hapana, kaka. Tupo." Akanivutia kiti, kwa adabu, kama anavyovutiwa mgeni aliyetoka mbali.

Miaka yote nilikuwa nimeuchukia utani wake, na sasa ningetoa chochote amwite mke wangu "mke wangu" mara moja tu, ili nicheke na tuondoke. Mtani anatania kwa sababu hana nia. Huyu alikuwa ameacha kutania. Wala hakumtazama mke wangu usoni, alitazama boksi, akamwuliza kwa sauti ya chini lakini bila kunificha, "Umeamua?"

Mke wangu alikuwa ameishika kadi moja, anausoma mwandiko wake juu ya mfuko. Aliusoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo.

"Siji," akasema. "Nikija nitazoea. Na nikizoea sitarudi nyumbani."

Yule akaitikia kwa kichwa. "Sawa, fundi," akasema. Akafunga boksi kwa utepe wa gundi, akauzungusha mara nyingi kuliko boksi lilivyohitaji, akanikabidhi mimi. Lilikuwa zito. Nikamshukuru, na hakuna aliyemtukana mwenzake.

Tulikaa stendi tukisubiri gari lijae. Nilikuwa nimeshinda. Mke wangu alikuwa amemkatalia mwanamume mwingine mbele ya macho yangu, na maneno aliyomkatalia nayo ndiyo yaliyonieleza kwamba sikuwa nimewaza uongo hata siku moja. Nililipakata boksi magotini. Yeye alikuwa amekaa kando yangu, machozi yanamtoka bila sauti, hayafuti, na hakugeuza uso ili nisiyaone.

Mama aliyekuwa akiuza chai pale akaja na vikombe viwili ambavyo hatukuviagiza. Akamtazama mke wangu, akalitazama boksi, akaniuliza taratibu, "Poleni, baba. Mmefiwa?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Na mtani wetu."

Akatupa pole, akasema watani ni watu wa kulia nao na kucheka nao, Mungu amrehemu. Mke wangu akaipokea chai, akasema, "Amina."