Kiangazi cha Kwenda Sang'alo

Ukitaka kumjua Nasimiyu, mtazame mwezi wa Januari. Ndio wakati Kitale inapopata wageni wa kuupanda Mlima Elgon, kwa sababu vitabu vyao vimewaambia kwamba nchi za joto hutembelewa kiangazi, njia zikiwa kavu na mbu wakiwa wachache. Nasimiyu ana vyumba vitatu vya wageni kando ya barabara ya Saboti, na msimu huo humkuti ameketi. Utamkuta ananyoosha mashuka kwa pasi ya makaa, au anamweleza Mjerumani fulani kwa ishara za mikono kwamba maji ya moto yatapatikana asubuhi, kwa subira ambayo hakuna ajuaye aliitoa wapi.

Kimoyomoyo huwacheka. Watu wametoka kwenye mito na theluji, wamekuja kutazama vumbi! Mahindi yamekwisha kuvunwa, mabua yanachomwa, na mlima wenyewe waliousafiria umejitanda moshi na utusitusi, hata mtu akiulizwa uko wapi huonyesha kwa kidole na kuomba aaminiwe. Angekuwa yeye ndiye mwandishi wa vile vitabu, angewaambia waje Agosti wale mahindi ya kuchoma mpaka washibe.

Lakini anajua wageni hawajakosea. Kiangazi ndio msimu wa kutembeleana. Shamba limelala, jembe limepumzika, na kila mwenye ndugu anakumbuka kwamba ana ndugu. Yeye ndiye hasa wa kujua, maana jina lake ni hilo hilo. Kwa Wabukusu simiyu ni kiangazi, na mtoto wa kike anayezaliwa wakati huo huitwa Nasimiyu. Alizaliwa chini ya vilima vya Sang'alo, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Mama yake alifariki yeye akiwa hajajua hata kujifunga leso, akalelewa na baba, Mzee Sifuna, ambaye hakuoa tena. Mzee alijifunza kumsuka nywele kwa kuchungulia kwa majirani, na alimsuka vibaya mno. Watoto wenzake walimcheka, naye aliwapiga kwa ajili ya baba yake.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mwanamke huyu aliyewakaribisha watu wa dunia nzima alikuwa hajakanyaga kwa baba yake tangu alipoondoka akiwa msichana. Na Sang'alo si Ulaya. Ukitoka Kitale baada ya chai ya asubuhi, chakula cha mchana unakila Bungoma.

Aliondoka kwa kutoroka. Alimpenda Kigen, Msabaoti wa Saboti aliyekuwa akileta viazi soko la Bungoma, kijana mrefu mwenye maneno machache, naye akamfuata mlimani bila wazee kuketi wala mbuzi kutolewa. Ni mambo ya ujana. Damu ikichemka haiulizi njia. Miaka michache ikapita kimya. Kisha, Chepkemei, mtoto wao wa pekee, alipokuwa anaanza kutambaa, Kigen akanunua simu, moja ya zile za kwanza zilizokuwa nzito kama kipande cha sabuni ya kufulia, na siku moja ikalia. Alikuwa Mzee Sifuna. Alikuwa ameazima simu dukani Bungoma, namba akiwa ameipata kwa wauza viazi wa sokoni.

Nasimiyu alikuwa mtoni anafua. Kigen akasimama wima kama aliyeitwa mbele ya chifu, akasikiliza, akajibu, "Nimesikia, mzee," na laini ikakatika. Mke wake aliporudi alimkuta ameketi kizingitini, uso umemshuka. Akampa ujumbe kama alivyopewa, hakupunguza, hakuongeza.

"Mzee amesema: Mwambie Nasimiyu mahari yake ni hapa. Mimi nangojea tu."

Basi, ikawa hiyo. Kigen hakukasirika, maana mzee alikuwa na haki yake. Mtu amekulelea mke, unamchukua kama kuku aliyepotea njia, kisha unategemea nini? Akaapa kwamba Sang'alo ataenda, lakini hataenda mikono mitupu. Kila alipofuga ng'ombe wawili watatu, jambo lilizuka likawala: leo ugonjwa, kesho shule, keshokutwa ukame. Na aibu haina tabia ya kupungua. Kila mwaka uliopita ulifanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi. Nasimiyu naye alichukia. Tuseme ukweli, alimchukia baba yake kidogo, kwamba yule mtu wa kumsuka nywele amekuwa mtu wa kumdai kama mbuzi wa mnada, na hata salamu hakumpelekea. Ndugu yake Wakhungu, aliyehamia Lwakhakha kwa biashara za mpakani, alimpigia simu mara moja moja kumwambia mzee yu mzima. Habari ya mahari hakuigusa, na Nasimiyu hakumuuliza.

Kigen akafa. Siku zake za mwisho, akiwa hawezi hata kugeuka kitandani, alikuwa akirudia neno moja, kwamba hakumaliza kwa mzee. Nasimiyu alimwambia anyamaze apumzike. 

Tangu hapo alibaki na saa za alasiri. Wageni wakishapanda mlimani, nyumba ikinyamaza na jua likilala juu ya mabati, hujinyoosha kwenye mkeka barazani. Hapo macho hufunga nusu, na Sang'alo huja yenyewe. Huona yale mawe makubwa kileleni, na moshi wa mabua ukienda upande usiojulikana. Huona mti wa murembe wa nyumbani, ambao kiangazi hupukutisha majani yote ukabaki na maua mekundu matupu. Husikia vidole vizito vikivuta nywele zake, na sauti ikimwambia atulie, bado kidogo. Halafu gari hupiga honi barabarani, naye huamka na shavu limechorwa alama za mkeka, asijue kama alilala au alikuwa anawaza tu.

Januari hii Chepkemei alikuja. Anaishi Uswidi siku hizi, anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wakongwe, na alikuwa hajarudi kwa muda mrefu. Alikuja kama wageni wengine, kiangazi, na viatu vya kupandia milima, na siku za mwanzo kazi yake ilikuwa kukaa juani kama mjusi na kulala. Mama yake alimtania kwamba nauli yote hiyo angeweza kuilalia huko huko Uswidi. Chepkemei alisema huko hakuna usingizi wa namna hii, wa kusikia kuku na mtu anayefagia.

Ndipo Wakhungu akapiga simu. Alisema mzee amekuwa mdogo, chakula anakigusa tu, na mara nyingine huongea na watu ambao hawapo. Alisema yeye si daktari, lakini anayetaka kumwona mzee amwone kiangazi hiki. Mvua ikinyesha hajui kama itamkuta.

Nasimiyu aliweka simu chini akarudi kwenye mashuka yake. Alinyoosha shuka moja mpaka karibu liungue. Chepkemei aliposema waende, alimjibu kwamba mjane haingii kwa baba yake na deni la marehemu mkononi, ataingia na nini, na kwa uso gani. Binti alimwacha aseme yote, kisha akamwambia polepole.

"Mama, mimi huko naogesha babu za watu. Wangu sijawahi hata kumshika mkono."

Kwa neno hilo walikwenda. Jirani, Kipkemboi, aliwaazima gari lake na kuwaonya juu ya breki, na Chepkemei akashika usukani. Wakapita Kiminini, wakapita Kamukuywa, wakashuka Misikhu, na kila walivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda. Kimbunga kidogo cha vumbi kiliinuka shambani, kikavuka barabara mbele yao bila haraka, kikaenda zake. Mashamba ya mahindi yakawa mashamba ya miwa. Nasimiyu alikuwa ameegemea kioo, na njia ile aliyoikimbia akiwa msichana ilikuwa inarudi nyuma sentimita kwa sentimita kama uzi unaokunjwa. Hakuwa na hakika kama wanaenda au anaota wanaenda. Aliogopa, na alijua anaogopa nini: kwamba baba atamtazama, na kitu cha kwanza atakachomuuliza ni ng'ombe.

Walimkuta mzee mbele ya nyumba, kwenye kiti chake, amevaa koti licha ya jua lile. Kweli alikuwa amekuwa mdogo. Nasimiyu alisimama mbali kidogo, mkoba mkononi kama muuza dawa, akamwamkia kwa Kibukusu, "Mulembe, Baba. Ni mimi, Nasimiyu."

Mzee Sifuna alimtazama. Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha binti yake. Aliinua fimbo yake taratibu, akaielekeza upande wa kushoto.

"Mahari yako ni hapa," alisema. "Si ni ire pare. Mimi nilikuwa nangojea tu."

Nasimiyu alifuata ile fimbo. Kando ya murembe ulioiva maua kulikuwa na kijumba cha udongo, kidogo, kimesimama wima. Hakikuwa cha jana. Kuta zake zilikuwa zimesiribwa kwa udongo na samadi tabaka juu ya tabaka, kiangazi baada ya kiangazi, na alama za vidole zilionekana mpaka pale alipokuwa amesimama. Mwanamke anaposiriba mkono wake huzunguka kama upinde. Hizi zilikuwa zimekwenda kombo, zimekutana vibaya, kazi ya mtu ambaye hakufundishwa na ambaye mila haikumtaka aifanye. Mwanamume wa Kibukusu hasiribi nyumba. Majirani lazima walimcheka mpaka wakachoka.

Wa Sang'alo hawajali sana kama neno ni l au ni r, hata Kiswahili chenyewe kwao ni cha kuazima kama ile simu ya dukani. Mzee hakuwa amesema mahari. Alikuwa amesema mahali. Mahali yako ni hapa. Nasimiyu angeisikia kwa masikio yake siku ile, angeelewa kabla laini haijakatika, maana ndio ulimi alionyonya nao. Lakini aliyeisikia alikuwa Kigen, mtu wa mlimani, ambaye r kwake ni r na mahari ni ng'ombe, akaibeba kama alivyopewa kwa uaminifu wote, na ikamlemea mpaka kaburini.

Akapiga magoti pale pale vumbini. Mzee alidhani anamwamkia, akamwekea mkono kichwani.

"Bwana yako yuko wapi, mama?"

"Kigen alifariki, Baba."

Mzee alitikisa kichwa. Alisema pole, na kwamba alimpenda kwa sauti tu, sauti ya mtu mwenye heshima. Kisha akauliza jambo ambalo alikuwa na haki ya kuliuliza.

"Nilimpigia simu. Maneno yangu arikwambia?"

Chepkemei, aliyekuwa ameelewa wakati ule ule na mama yake, alifungua kinywa. Nasimiyu alimkanyaga kidole cha mguu, kile cha ndani ya kiatu cha kupandia milima, kwa nguvu za kutosha. Akijibu hapana, Kigen atalala na hatia ambayo si yake. Akieleza ukweli, huyu mzee wa koti atakufa akijua kwamba ulimi wake mwenyewe ndio uliomnyima mtoto. Lilibaki jibu moja ambalo halikumuumiza mtu ila yeye.

"Aliniambia, Baba. Aliniambia vizuri kabisa. Ni mimi nilichelewa."

"Kawia ufike," alisema mzee, na akacheka bila meno. Kisha akamwomba Chepkemei amshike mkono, ainuke, awaonyeshe ndani. Chepkemei alimwinua kama anayejua kazi hiyo, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye kiwiko.

Ndani kulikuwa na baridi nzuri na harufu ya udongo mkavu. Hakukuwa na vitu vingi. Kulikuwa na kitanda cha kamba, na viti viwili vya mbao vya kuchonga, vimekaa vikitazamana. Nasimiyu aliketi kwenye kimoja. Chepkemei alitaka kuketi kwenye kingine, na mzee akamzuia kwa fimbo. Alisema kile ni cha mkwe. Alikichonga mwaka ule ule wa simu, ili yule kijana siku akija asikae chini kama mtu asiye na kwao.

Hapo ndipo Nasimiyu alipolia. Hakumlilia baba yake, wala miaka. Alimlilia Kigen, kwa sauti, kama alivyoshindwa kumlilia siku ya maziko watu wakiwa wamejaa uani. Mzee hakumnyamazisha. Alisimama ameegemea fimbo, akamtazama mjukuu wake huyo mrefu aliyetoka mbali, akaangalia kile kiti, akakisogeza kidogo kwa mguu.

"Basi kaa wewe," alisema. "Wewe ni wake."

Chepkemei akaketi.