Sanduku la Posta la Chama

Baba yangu hakuwahi kuwa na gari wala ng'ombe wengi, lakini alikuwa na ufunguo wa sanduku la posta, na kijijini kwetu, karibu na Ngulyati, hilo lilimtosha kabisa. Alikuwa katibu wa chama cha msingi, kile kilichokusanya pamba ya wakulima na kuipeleka chama kikuu. Sanduku lilikuwa la chama, kwenye posta ya Bariadi, ila barua za kijiji kizima zilipita humo: za walioolewa mbali, za walioko jeshini, hata za katekista. Kila Ijumaa alivaa shati lenye kola, akaning'iniza ufunguo shingoni kwa kamba, akapanda baiskeli kwenda mjini.

Mimi nilikuwa mwalimu wa baiolojia upande wa Maswa, nina shahada moja na hamu kubwa ya kupata ya pili. Sitajifanya kwamba nilitaka kulisaidia taifa. Nilitaka kurudi maabara. Mwaka wangu wa mwisho chuoni niliumaliza nikichungulia mbegu za pamba kwenye hadubini, na tangu nilipoondoka sikuwahi kupata tena furaha ya namna ile. Shuleni kwetu hadubini ilikuwa moja, haina lenzi. Niliifuta vumbi kila Jumatatu, nikawaonyesha wanafunzi mahali ambapo lenzi ingekaa.

Likizo moja nilikwenda Mwanza, nikaingia maktaba, nikakuta kitabu kinene chenye anwani za vyuo vya duniani na mashirika yanayofadhili masomo ya uzamili. Hakikuruhusiwa kutoka. Nilikaa siku tatu nikinakili anwani kwenye daftari mpaka mkono ukafa ganzi. Lakini anwani iliyonisumbua zaidi ilikuwa yangu mwenyewe. Sanduku la shule lilikuwa mikononi mwa mkuu wetu, ambaye alifungua barua zetu kama anamenya machungwa, na mwalimu aliyegundulika anatafuta masomo alijikuta amepangiwa zamu zote za bweni. Kwa hiyo nikatumia anwani ya chama.

Baba alifurahi kupita kiasi. Barua niliandika kwa taipureta ya chama, utepe wake umefifia, naye amesimama nyuma yangu kama mkaguzi. Kiingereza hakukijua, hivyo ilinibidi nimtafsirie kila sentensi, na jambo moja lilimkera.

"Hujawasalimia," alisema.

"Nimewaita waheshimiwa, baba. Inatosha."

"Hiyo si salamu. Waulize wameamkaje. Waulize mvua."

Kwetu salamu si kitu cha kurukwa. Mtu akikuambia mwadila, unamjibu mwadila, unamwuliza ya nyumbani na ya mifugo, hata kama una haraka, hata kama jana mligombana. Asiyejibu salamu, kwa baba, alikuwa amekwisha kuharibika. Nilikataa katakata kuwauliza watu wa Ulaya habari za mvua, naye akaniambia basi nisije nikalalamika wakichelewa.

Wakachelewa. Kila mwisho wa mwezi nilikuja nyumbani, na kabla sijatua mkoba nilikuwa nimeshamtazama usoni.

"Bado, mayu," alisema. Mayu ni mama. Ndivyo wazee wetu wanavyowaita mabinti zao wanapotaka kuwabembeleza.

Nilikula ugali na maziwa mgando jikoni kwa mama yangu, naye akinisimulia nani kajifungua na nani kahama, lakini mimi sikuwa pale. Nilikuwa kwenye chumba chenye madirisha makubwa, nimevaa koti jeupe, nje kuna baridi ambayo sikuwahi kuionja. Nilikitamani chumba kile mpaka nikajua meza yangu iko upande gani. Nilikuwa hata nimeshaamua nitaning'iniza wapi mwavuli.

Miaka hiyo ndiyo soko huria lilipoingia kwenye pamba. Wanunuzi binafsi walisimamisha malori barabarani, wakaja na mizani yao, wakalipa papo hapo, na wakulima waliochoka kusubiri chama wakawafuata. Hata mjomba wangu aliwauzia, akapita mbele ya ofisi ya baba akiangalia upande mwingine. Ghala la chama likabaki na popo na magunia matupu. Baba aliendelea kufungua ofisi asubuhi, kukaa mezani, na kufunga jioni. Na kila Ijumaa akapanda baiskeli.

"Bado, mayu. Watu gani hawa? Unawapigia hodi mwaka mzima, hawaitikii."

Jumatano moja nilipata lifti mpaka Bariadi mjini, nikapita posta kununua stempu. Nikamwuliza mama wa kaunta kama sanduku letu lina chochote, maana ufunguo alikuwa nao baba.

"Hilo si lenu tena, dada," alisema. "Chama kilishindwa kulilipia. Wamepewa wanunuzi wa pamba, tangu mwaka jana."

"Lakini baba yangu anakuja kila Ijumaa."

"Yule mzee wa baiskeli? Kumbe ni baba yako." Aliacha kugonga mihuri. "Anakuja. Anatusalimia wote, mmoja mmoja, anakaa pale kwenye benchi, anasoma matangazo ukutani, halafu anaondoka. Hajawahi kuuliza kitu. Sisi tulijua anapumzika."

Kisha akaniuliza jina langu, akavuta droo. Barua za humu nchini, alisema, zilirudishwa zilikotoka. Za ng'ambo waliona uchungu kuzirudisha. Akapekua, akanipa bahasha mbili ndefu, zote zina jina langu, zote zimetoka chuo kimoja.

Nilizisomea kwenye benchi lile lile la baba. Ya kwanza ilisema nimekubaliwa, kwamba nauli, ada na malazi vyote vitalipwa, na kwamba tafadhali niwajibu kabla ya mwisho wa mwezi ule. Ya pili, iliyoandikwa baadaye, ilisema wamesikitika kutosikia kutoka kwangu, nafasi wamempa mwingine, wananitakia heri. Nililia mbele za watu na sikujali. Walikuwa wamejibu, tena mara mbili. Tusioitikia tulikuwa sisi.

Njia nzima kurudi kijijini nilipanga maneno. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, na nilitaka aisikie yote. Nilimkuta uani anapaka mafuta mnyororo wa baiskeli. Ufunguo ulikuwa shingoni, umeng'aa kwa kuguswaguswa. Chama kilikufa, ghala limekufa, watu aliowapimia pamba yao miaka yote wanampita bila kumtazama, na kilichobaki kwake ni kwamba Ijumaa kuna mahali anakwenda kwa ajili yangu. Aliniona, akaanza kuinuka.

"Bado, mayu," alisema kabla sijamwuliza.

"Labda wiki ijayo, baba," nikasema.

Niliwaandikia tena kwa sanduku la parokia, nikaomba wanifikirie mwaka unaofuata. Walijibu kwa adabu kwamba ufadhili ule ulikuwa umefungwa. Nikajaribu kwingine. Chuo kimoja kilinipa nafasi bila fedha, vingine vilisema hapana, na baadaye nikawa na watoto na madarasa ya kidato cha nne, nikaacha kununua stempu. Siku hizi vijana wanaomba vyuo kwa simu, wanajibiwa kabla chai haijapoa, na mimi huwasaidia kuandika barua zao huku nikiwaonea wivu waziwazi.

Baba alipougua mara ya mwisho, nilichukua ruhusa nikakaa naye. Asubuhi moja, nilipokuwa namkanda miguu, aliniuliza bila kunitazama.

"Wale watu wako wa Ulaya. Hawakujibu kabisa?"

Nikajua alikuwa amelibeba swali hilo miaka yote. Barua zilikuwa chumba cha pili, ndani ya sanduku langu la bati.

"Hawakujibu, baba."

Alivuta pumzi ndefu, akaishusha polepole. "Basi si sisi," alisema, na mabega yake yakalegea. Kisha akaongeza, karibu achekelee, "Nilikuambia uwaulize mvua."

Tulimzika kabla ya mavuno ya pamba. Barua zile bado ninazo. Ya kwanza nimeikunjua mara nyingi hadi mikunjo imekatika, na kila ninapofika pale wanaponiomba niwajibu kabla ya mwisho wa mwezi, natamani kuwajibu.