Msusi wa Chimwaga

Msusi wetu wa Chimwaga husuka amesimama, mguu wa kulia ameuegesha juu ya kreti la soda, na vidole vyake huenda mbio kuliko umbea wa wateja. Ukimuuliza mguu umeamkaje, anacheka: "Wenyewe haujambo, mgonjwa ni mimi." Tangu alipoanguka na pikipiki pamoja na kaka yake, mfupa wa muundi haujatulia, kidonda hufunga, kisha hutoa usaha tena. Kaka alivunjika vilevile, akapona kabla ya mavuno. Ndiyo maana shangazi yao, kila akija kusukwa, humwambia: "Mwenzio alijitunza. Wewe hujui kusafisha kidonda." Naye huitikia tu, "Sawa, shangazi."

Jumamosi moja daktari wake alipiga simu shangazi akiwa kitini. Mikono ya msusi ilikuwa imejaa nywele, akaniomba mimi niliyekuwa nikingoja zamu nimwekee spika. "Majibu ya damu yametoka," daktari alisema. "Inaelekea umezaliwa na vinasaba vinavyoufanya mwili ushindwe kuwamaliza bakteria wakishaingia kwenye mfupa. Tutabadilisha dawa."

"Kwa hiyo si uchafu?"

"Si uchafu, dada. Hujakosea popote."

"Mtandao unasumbua, daktari. Rudia hapo mwisho."

Mtandao haukuwa na shida yoyote. Daktari akarudia kwa sauti kubwa. Shangazi aliinamisha shingo mpaka mstari wa nywele ukaisha. Kisha akashuka kitini, akaketi chini mkekani.

"Kaa wewe, mwanangu," akasema. "Leo utanisuka umekaa."