Kimya cha Kituo cha Nne

Kazini wanamwita Mkato, na jina limemkaa barabara. Salamu yake ni neno moja. Ninyi mkiwa bado mnaulizana habari za watoto na za nyumbani, yeye keshafika mlangoni. Kaka yake, fundi zege mwenye mdomo, humtania kwamba hata siku ya harusi alijibu "ndiyo" kabla swali halijaisha.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe redio moja dhaifu, uone. Idara ya maji ilikuwa na vituo sita vya kupima mto, na kila baada ya nusu dakika kila kituo kilituma barua nzima: jina lake, tarehe, saa, kina cha maji, hali ya betri. Ujumbe ukapanga foleni, habari zikawa zinafika zimechelewa robo saa. Na mto haukusubiri mtu! Mkato akapitisha wembe. Jina la kituo likawa tarakimu moja. Tarehe na saa akazitupa, maana kompyuta ya ofisini ina saa yake. Kina hakikutumwa tena chote, ila tofauti tu: yamepanda moja, yameshuka mbili. Na kama hakuna tofauti, kituo kinyamaze. Habari zikaanza kufika kwa sekunde mbili, na bosi akamsifu mbele ya watu mpaka akaona haya.

Ikaja siku moja, saa nne asubuhi. Mafundi kumi na mmoja walikuwa wakiziba nyufa ndani ya handaki linalopokea maji mto unapojaa, mmoja wao, msimamizi, akiwa huyo huyo kaka yake. Kupanda ngazi hadi nje ni dakika kumi na mbili. Tegemeo lao lilikuwa kituo cha nne, kilicho peke yake kwenye mkono wa mto unaoshuka milimani. Maji yakijaa pale, yanafika handakini baada ya dakika kama thelathini na tano.

Kituo cha nne kilisoma sentimita mia na kumi na mbili. Mkato akanywa chai, akatazama tena. Mia na kumi na mbili. Akaangalia namba ile ilibadilika lini mara ya mwisho, akakuta ni dakika ishirini na tatu zilizopita. Vituo vingine vilikuwa vinachezacheza, moja juu, moja chini, kwa sababu hata upepo husogeza maji. Hiki kimeganda.

Kwenye skrini yake, kituo kilichotulia na kituo kilichokufa vina sura moja, na aliyevifananisha ni yeye mwenyewe.

Bosi alipoelezwa alichekea puani. Akasema utaratibu ni wa Mkato mwenyewe, kimya maana yake salama. Akamkumbusha king'ora alichokipiga bure wiki iliyopita, mafundi wakakimbia na zege likagandia kwenye ndoo. Akirudia tena, atarudishwa stoo kupanga mabomba.

Aliogopa stoo, aliogopa kuchekwa, lakini zaidi ya yote alimwogopea yule mropokaji kule chini. Akabonyeza king'ora, akanyakua simu ya handakini.

"Maji yanapanda?" kaka yake akauliza, hasira tele.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, kaka. Nilikifundisha kituo kunyamaza, sasa sijui kama kimetulia au kimekufa. Toka na watu wako. Ukifika juu utanitukana unavyotaka."



"Hujawahi kuniambia maneno mengi hivi," akasema. "Tunatoka."

Mkato akasimama kwenye dirisha la ofisi linalotazama mdomo wa ngazi, akiwahesabu. Walitoka mmoja mmoja wakibwata, mmoja akimtazama juu na kutikisa kichwa. Bosi alisimama nyuma yake, mikono kiunoni. Wanane. Tisa. Kumi. Hapo ndipo mngurumo ulipotoka handakini, na wale kumi wakaacha kubwata. Mkato alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Mdomo wa ngazi ulibaki mtupu, na yeye akawa anaita "kaka, kaka," bila kujua kama anaita kwa sauti. Kisha mkono ukashika chuma cha juu. Kaka yake akajivuta nje, amelowa hadi kifuani, kiatu kimoja kimekwenda na maji. Akakaa chini palepale.

Alasiri walikwenda kukitazama kituo cha nne. Palikuwa na kisiki cha nguzo tu. Gogo lilikuwa limeivunja, na mto ukachukua kilichobaki.

Siku hizi kila kituo, hata kama hakina jipya, hutuma alama moja ndogo kila dakika, na skrini huiandika "nipo". Bosi aliuliza kama hiyo nayo isingeweza kukatwa. Mkato alimjibu kwa dakika kumi nzima, na bosi hakuuliza tena.

Na kaka yake, aliyekuwa akimaliza wiki tatu bila kupiga simu, kila asubuhi kabla ya kushuka humtumia neno hilo hilo moja: nipo. Mkato humrudishia ujumbe mrefu, salamu za watoto na za nyumbani humo humo, na hakati hata neno.