Mama aliyefunga ghorofa ya shule ya mwanawe

Saa moja ya asubuhi haijatimia, lakini watoto wa Shule ya Msingi Mkarafuu wamekwisha kupanga mistari uwanjani, soksi zimevutwa juu, mabegi yako mgongoni. Wote wanatazama ghorofani. Huko juu, kwenye korido inayonukia rangi mpya, mwanamke mfupi aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa juu ya baibui anatembea polepole kutoka nguzo moja hadi nyingine. Anagonga kwa nyundo ndogo, anatega sikio, anasogea mbele.

"Mama Mboni, watoto wanaanza kuchoka," anaita Mwalimu Clotilda, mwalimu mkuu, kutoka chini.

"Bado ngazi, mwalimu. Nikimaliza ngazi, jengo ni lenu."

Watoto wa mstari wa mbele wanacheka. Wamesubiri zaidi ya mwaka kurudi katika jengo hili, na anayewachelewesha leo ndiye yule yule aliyewatoa.

Anaitwa Swaumu Abdulhamid, ana miaka arobaini na mbili, na ni fundi sanifu wa majengo katika halmashauri. Kazi yake ni kukagua shule za serikali za katikati ya jiji, kuanzia Kariakoo na Gerezani hadi mitaa inayopakana na bandari, kisha kueleza kama zitahimili ardhi ikitikisika. Shule ni kumi na tisa. Wakaguzi ni wawili, na wanagawana pikipiki moja ya ofisi. Siku isiyo zamu yake, Swaumu hupanda basi la mwendokasi, au hutembea kwa miguu na begi lake la vifaa begani.

"Watu huniuliza, wewe mama, Dar kuna tetemeko gani?" anasema. "Nawakumbusha jioni ile ardhi ilipotikisika hapa hapa, tulivyoshuka maghorofani na kanga za nyumbani, wengine miguu mitupu. Baadaye tulichekana mtaa mzima. Mimi sikucheka sana."

Ana sababu. Mwaka 2016, tetemeko lilipoipiga Kagera, alikuwa bado mgeni kazini, akaazimwa kwenda kusaidia kukagua madarasa. Anakumbuka darasa moja ambalo ukuta wa nyuma ulikuwa umelalia madawati, ilhali ubao ulikuwa mzima mbele, hesabu za kugawanya bado zimeandikwa kwa chaki.

"Lilipiga siku ya Jumamosi," anasema. "Nilisimama pale nikawa naiwaza Jumatatu."

Aliporudi Dar aliomba ahamishiwe upande wa shule. Mumewe, Haruna, anayeuza spea za magari Gerezani, anasema tangu hapo kwenda naye harusini ni taabu. Akiingia ukumbini huangalia kwanza nguzo, ndipo amtafute bibi harusi.

Mkarafuu aliifikia mwaka jana, mwezi wa tatu, halmashauri ilipoamua kupima majengo yote ya ghorofa ya shule zake. Hakuwa mgeni pale. Binti yake, Mboni, alikuwa darasa la saba, chumba cha mwisho ghorofani, karibu na dirisha.

Kwa macho, jengo lilikuwa zuri. Plasta ilikuwa imerudiwa, rangi inang'aa. Lakini nyundo ilipogusa nguzo ya tatu, sauti ilirudi kama ya debe. Akamwomba fundi abandue plasta kidogo chini. Nondo zilikuwa zimeliwa na kutu hadi kuwa nyembamba kama spoku za baiskeli, na zege liliporomoka kwa kuguswa tu. Akabandua ya nne, halafu ya tano. Hali ilikuwa ile ile.

Siku ya pili alikuja na mhandisi wa halmashauri, Eliakimu, aliyezipima nguzo zote kwa mashine. Walipomaliza, Eliakimu alikaa kwenye ngazi akamuuliza, "Mwanao yuko chumba gani?"

Swaumu akamwonyesha kwa kidole. Jioni hiyo amri ikatoka: ghorofa ifungwe, na watoto zaidi ya mia nne watafutiwe pa kusomea.

Yaliyofuata hayasahau. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa mbele, na mpango wa kwanza ulikuwa kuwapeleka watoto shule nyingine ng'ambo ya Gerezani, zamu ya mchana, wakivuka barabara ya mwendokasi kwenda na kurudi. Mkutano wa wazazi ulijaa hadi nje ya geti. Aliyesimama wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Bushiri, mfanyabiashara wa jumla wa vyombo vya plastiki Kariakoo.

"Jengo hili nimesoma mimi, wamesoma wanangu," alisema. "Leo anakuja mtu na kinyundo chake, anatuambia halifai. Miaka yote hiyo lilisimamaje?"

Wazazi wakapiga makofi. Swaumu hakujibu kwa maneno mengi. "Mzee wangu, shikamoo. Twende ukalishike mwenyewe."

Mzee Bushiri akainama kwenye nguzo iliyobanduliwa, akaingiza vidole, akatoka na kiganja kimejaa kokoto na mchanga. Alikitazama kwa muda. Watu waliokuwa nyuma wakasogea kuona, na kelele zikapungua zenyewe.

"Sawa," alisema hatimaye, akijipangusa mikono. "Nimeona. Sasa watoto wetu wakasome wapi, mwanangu? Unafunga, halafu?"

Nyumbani kwa Swaumu, ghorofa ya pili mtaani Mchafukoge, mambo yalikuwa magumu zaidi. Jioni Mboni alikula, akaosha vyombo, akageukia ukutani.

"Wenzangu wote wanasema mama yako ndo katufungia shule," alimwambia siku ya tatu. "Ungesubiri tumalize mtihani."

"Ningesubiri, halafu kila asubuhi nikufungie begi nikuache upande zile ngazi? Ningeweza?"

Usiku huo, anakumbuka Swaumu, Mboni alisogeza kiti chake, wakala sahani moja.

Jibu la swali la Mzee Bushiri lilitoka kwa Mzee Bushiri mwenyewe. Wiki haikuisha, akampigia simu Mwalimu Clotilda. Alikuwa na stoo kubwa ya chini, dakika chache kutoka shuleni kwa miguu, pembeni ya soko. Angehamishia mali yake kwa nduguye. Watoto wa darasa la saba waingie hapo bila malipo. Baada ya hapo akampigia mfanyabiashara jirani, naye akatoa ukumbi aliokuwa akiukodisha kwa shughuli. Waliobaki wangebanana katika madarasa ya jengo jingine la Mkarafuu, lisilo na ghorofa, ambayo hayakuwa na tatizo.

Mwalimu Clotilda alifurahi hadi machozi yakamlenga. Swaumu akauliza, "Naweza kuiona hiyo stoo?"

Mzee Bushiri husimulia kisa hiki mwenyewe, tena kwa mikono yote miwili. "Nikamwambia, mwanangu, natoa bure na bado unanikagua? Akaniambia, mzee, mtoto hajui kama ni bure. Mara akashika shelfu langu kwa mkono mmoja, akalitikisa hivi. Mabeseni yote yakanishukia mimi. Mabeseni, ndoo, majagi. Wapagazi wangu walicheka mpaka wakakaa chini."

Ilibidi na mzee mwenyewe acheke. Mashelfu yaliyobaki yakafungwa ukutani kwa vyuma. Stoo ilikuwa na mlango mmoja tu, kwa hiyo ukafunguliwa wa pili, wa kutokea uchochoroni. Swaumu alirudi mara mbili kabla ya kuridhika.

Siku ya kuhama, wapagazi wa Mzee Bushiri walipanga mikokoteni yao mbele ya shule na kubeba madawati kuelekea sokoni, watoto wakifuata nyuma wakiimba. Bajaji zilisimama. Wamachinga walisogeza meza zao bila kuambiwa. Muuza vitenge mmoja aliuliza kama ni harusi, akajibiwa ni darasa la saba.

Na hivyo ndivyo watoto wa Mkarafuu walivyosoma sehemu iliyobaki ya mwaka katikati ya Kariakoo. Nje walikuwa na wauza vitambaa, wauza redio na spika zao, na mama lishe aitwaye Chiku, aliyekuwa na jiko lake papo hapo uchochoroni. Mwalimu wa Hisabati alikuwa akitoka mlangoni na kuinua kidole tu, na redio zikapunguzwa sauti.

Kila Ijumaa Swaumu alikuja kuwafanyisha zoezi la tetemeko. Akipuliza filimbi, watoto huingia chini ya madawati na kukinga vichwa. Akipuliza tena, hutoka kwa mstari kwa mlango wa nyuma hadi kwenye uwazi mwisho wa uchochoro. Zoezi la kwanza lilikwama kwenye sufuria la maharage la Chiku.

"Akaja kuniomba nihamishe jiko," anasema Chiku. "Nikamwuliza, kwani hilo tetemeko linakuja lini? Akasema hajui, ndiyo maana anataka nihame leo. Nikaona ana akili. Nikahama."

Si kuhama tu. Ijumaa iliyofuata Chiku alitoka na watoto, mwiko mkononi. Nyingine wakatoka wapagazi. Mwezi haukupita, filimbi ikilia uchochoro wote ulikuwa unaelekea kwenye uwazi, wauzaji na wateja wao, na Mzee Bushiri akihakikisha wafanyakazi wake wametimia.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, darasa lote lilikuwa limefaulu isipokuwa wawili. Mboni alichaguliwa kwenda sekondari. Alimpigia mama yake simu kazini, akasoma alama zake.

"Mama, kule stoo hata nilipazoea," alisema. "Nilikuwa nasikia njaa tu, Chiku akipika."

Wakati huo kazi ya kuimarisha jengo ilikuwa imeshika kasi. Kila nguzo ilivishwa nondo mpya na zege jipya, na boriti zikafungwa pamoja na kuta. Swaumu alikuwepo kila zege lilipomwagwa. Mafundi walizoea maneno yake: hakuna kuziba kabla hajaona ringi, vile vyuma vinavyozishika nondo, zilivyofungwa. Siku moja alifika, akakuta zilizofungwa zimeachana mno, akaomba zifunguliwe zote. Msimamizi wa mafundi, Beno, alilalamika kuwa siku nzima imepotea. Kisha akakumbuka mdogo wake ataingia darasa la kwanza hapo, akapanda jukwaani kufungua pamoja na vijana wake.

Leo ngazi zimekaguliwa. Swaumu anashuka, anavua kofia ngumu, anampa mkono Mwalimu Clotilda. Mwalimu mkuu alikuwa ameandaa hotuba, lakini anawatazama watoto wake na kuiacha.

"Haya," anasema. "Pandeni."

Walipanda taratibu hatua za kwanza, kama walivyofundishwa. Kisha mmoja akashindwa kujizuia, na jengo zima likajaa vishindo vya viatu. Juu, madirisha yakafunguliwa moja baada ya jingine, na vichwa vikachungulia uwanjani kuwapungia wazazi. Mzee Bushiri alipanda akipumzika katikati, akatafuta chumba alichosomea utotoni, akajibana kwenye dawati la mbele. Watoto waliokuwa nyuma yake walimwambia anawaziba ubao.

Mboni alikuja na sare yake ya sekondari, amepewa ruhusa ya kuchelewa. Alienda moja kwa moja kwenye chumba cha mwisho, karibu na dirisha, akaigusa nguzo.

"Imenenepa," alisema.

"Imelishwa," alijibu mama yake, nao wakacheka wakiwa wameiegemea.

Kengele ilipolia, Swaumu alikaa kwenye benchi la nje kunywa chai aliyoletewa na Chiku kwenye chupa. Tulimwuliza anatarajia nini sasa.

Alisema anataka kila shule katika eneo lake iwe na mwalimu mmoja na mlinzi mmoja wanaojua kuutambua ufa mbaya na kupiga simu mapema. Ameomba idhini ya kuanza mafunzo, na Mwalimu Clotilda amekubali yafanyike Mkarafuu. Yeye mwenyewe ameomba nafasi ya kusomea shahada ya uhandisi kwa masomo ya jioni. Mboni amemwahidi kumsaidia Hisabati, ahadi ambayo anasema ameipokea kwa tahadhari.

Wiki ijayo anaanza shule nyingine, karibu na bandari, jengo la zamani kuliko hili. Hajui atakuta nini. Anachojua ni kwamba mwenyekiti wa kamati ya shule hiyo amekwisha kutembelewa dukani kwake na Mzee Bushiri, bila mtu kumtuma, na kwamba Chiku anauliza mkutano wa wazazi utakuwa siku gani ili afunge biashara mapema.

"Pale Mkarafuu nilisimama peke yangu mbele ya geti lililojaa watu," alisema Swaumu, akifunga kifuniko cha chupa. "Safari hii naenda na mtaa."