Kifini cha Jumapili

Mdogo wangu na mumewe walikufa pamoja, gari lao lilipoteleza kwenye barafu nje ya mji mmoja mdogo wa Ufini ambao hadi leo jina lake linanishinda kulitamka. Walimwacha binti wa miaka sita. Siku hiyo alikuwa kwa nyanya yake, mama wa baba yake, na ndiyo maana akabaki.

Mimi wakati huo nilikuwa naishi Weston, huku Kanada, katika fleti ya zamani inayotazama mto Humber, nikifanya kazi ya ukarani katika kampuni ya vipuri vya malori. Sikuwa na mume wala mtoto. Mazishini sikufika, nilikuwa bado na pasipoti ya Kenya, na viza ilitoka watu wakiwa wameshazika. Nyanya mtu alikuwa mgonjwa wa moyo, amewekewa kifaa kifuani, na watu wa ustawi wa jamii kule waliona hataweza kulea. Mdogo wangu alikuwa amewahi kusema kwamba likitokea la kutokea, mtoto aende kwa dada yake. Basi nikaletewa.

Alifika Machi, ameshikwa mkono na mhudumu wa ndege, mfuko wa plastiki wenye karatasi zake ukining'inia shingoni. Nilimsalimia kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Alinitazama kama mtu anayetazama redio isiyoshika stesheni. Marehemu alikuwa ameniambia kwenye simu, na si mara moja, kwamba Kiswahili atamfundisha akishakua kidogo, asije akachanganyikiwa. Kwa hiyo mtoto wa damu yangu alisimama mbele yangu, mwenye sura ile ile ya mdogo wangu, na hatukuwa na neno hata moja la kuanzia.

Majuma ya mwanzo alikuwa akilia kila alasiri na kurudia neno lile lile: "Ulos, ulos." Nilimletea maji, nikamletea blanketi, nikamshika paji la uso kuona kama ana homa. Alinisukuma mikono akaenda kulala sakafuni karibu na mlango. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba neno hilo maana yake ni "nje". Kwao watoto hutolewa nje kucheza hata theluji ikianguka, na mimi nilikuwa nimemfungia ndani nikidhani namkinga na baridi.

Mwenzangu mmoja kazini ndiye aliyenielekeza North York, kwenye kanisa la Wafini lililokuwa na darasa la lugha kila Jumamosi. Darasa lilikuwa la wajukuu wa Wafini waliohamia zamani. Nilikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamenifika kidevuni. Mwalimu alikuwa bibi mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, aliyekuja Kanada msichana kufanya kazi za ndani.

"Kwa nini Kifini?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Nina mtoto nyumbani. Sielewi anachosema."

Hakuniambia pole. Alinimiminia kahawa, akanivutia kiti kikubwa, akaendelea na somo. Nilidhani hana huruma. Ilinichukua muda kujua kwamba kahawa ile na kiti kile ndizo pole zenyewe.

Lugha ilikuwa ngumu, lakini haikuwa ngeni kama nilivyotarajia. Mwanamume na mwanamke wote wana neno moja, kama "yeye" yetu, na mambo tunayoyapachika sisi mwanzoni mwa neno wao huyapachika mkiani. Nilipomweleza mwalimu hivyo alifurahi. "Basi utajifunza upesi," alisema. Sikujifunza upesi. Nilisoma kwenye basi, nikasoma jikoni, na jioni nilimjaribia mtoto sentensi zangu naye akanisahihisha bila kucheka. Mara ya kwanza nilipomwambia, "Vaa viatu, twende nje," alinitazama kwa muda, kisha akaenda kuvaa viatu. Aliniita täti, yaani shangazi. Kwao dada wa mama na dada wa baba ni kitu kimoja. Mama ni äiti. Ni herufi mbili tu zinazotutenganisha, na mara mbili tatu aliponiita akiwa na usingizi sikuweza kujua ni lipi alilolisema. Sikuuliza.

Nyanya yake alipiga simu kila Jumapili asubuhi, kwake ikiwa alasiri. Mtoto alikaa chini, mgongo ukutani, akizungumza mpaka simu inapata moto. Zamu yangu ilipofika tulisalimiana kwa maneno machache niliyokuwa nayo. Yule mama alikuwa na mazoea ya kuitikia kwa kuvuta pumzi ndani, "joo", kama mtu aliyeshtuka, na mwanzoni nilihofu kwamba moyo umemkaba. Pia alikuwa akinyamaza katikati ya mazungumzo. Sisi simu ikinyamaza tunauliza, "Haloo, uko?" Mwalimu alinikataza. "Ukimwuliza hivyo unamfukuza," alisema. "Anafikiri. Mwache afikiri."

Mtoto alianza shule, na Kiingereza kikaingia nyumbani kwangu kama maji chini ya mlango. Mwaka wa kwanza alicheza kwa Kiingereza na kulia kwa Kifini. Mwaka wa pili hata kulia kulibadilika. Mimi nilikuwa sasa naweza kumwuliza kwa Kifini amekula nini shuleni, naye akanijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa Wakenya ninaowajua mjini humu wanavyowajibu mama zao. Mazungumzo ya Jumapili yakafupika. Kisha, Jumapili moja, nyanya yake alimwuliza jambo, naye akafungua mdomo na hakikutoka kitu. Nilimwona akitafuta. Akanipa simu.

"Mwambie nimesahau," alisema kwa Kiingereza, akaenda chumbani.

Nilimwambia. Yule mama alinyamaza, nami nikangoja.

"Alipokuja kwako," akauliza mwishowe, "alikuwa na kadi shingoni?"

"Mfuko. Mfuko wa plastiki wenye karatasi zake."

"Joo," alivuta pumzi. "Sisi ilikuwa kadi."

Mwalimu alikuwa ametusomesha habari za vita vyao na Urusi, na namna watoto wao kwa maelfu walivyopakiwa kwenye treni na meli wakapelekwa kwa familia za Uswidi. Nilikuwa nimelichukua kama somo la historia. Sasa nilikuwa namsikiliza mmoja wao. Alisema alipelekwa akiwa na miaka mitano, akarudi vita vimekwisha na yeye ni binti mkubwa, amevaa gauni la kitambaa kizuri na Kifini kimemtoka chote.

"Mama alinipokea stesheni," alisema polepole ili nimfuate. "Alinisemesha, sikumwelewa. Nikamwambia kwa Kiswidi kwamba nataka kurudi nyumbani. Kwa bahati naye hakunielewa."

Nilimwuliza kama nimlazimishe mtoto, nimnyime Kiingereza nyumbani.

"Mama alinilazimisha. Alikuwa akiweka mkate juu ya kabati mpaka niuombe kwa Kifini. Nikajifunza. Lakini kumpenda sikumpenda tena, mpaka alipokufa. Mwache. Zungumza nami wewe."

Ndivyo nilivyorithi simu ile. Kwa miaka mingi mimi, mwanamke wa Voi, niliamka Jumapili kuzungumza Kifini kibovu na mama ambaye sikuwahi kumtia machoni. Alinieleza theluji imefika wapi na nani amezikwa. Siku moja ya Disemba alinieleza kwamba amewasha mishumaa miwili dirishani, kama wafanyavyo wote siku ya uhuru wao, na kwamba mwaka huo dirisha la jirani lilikuwa giza. Kila mara aliuliza, "Yupo?"

"Yupo."

"Anafanya nini?"

"Hesabu."

"Joo."

Nikimwambia mtoto kwamba anasalimiwa, alikuwa akiipungia simu mkono. Pengine niliiweka simu mezani kwa sauti ya juu, nyanya yake akasimulia lolote, naye akakaa na kidevu juu ya magoti, asielewe na asiondoke. Nilijaribu kumtafsiria akanikataza. "Acha tu aongee," alisema.

Tulikuwa tunapanga kwenda. Nilipopata uraia na pasipoti, fedha hazikutosha. Fedha zilipotosha, yule mama alilazwa, akasema tusije kumwona katika hali ile, tungoje kiangazi. Hakuimaliza hata vuli. Jirani yake alinipigia Jumatano nikiwa kazini. Alitamka habari ile kwa maneno machache, kisha tukanyamaza wote wawili, na nilijua namna ya kunyamaza.

Binti alikuwa na miaka kumi na sita. Nilimwambia jikoni. Alisema, "Sawa," akafungua bomba akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kwao, katika maziko, kila mwenye kuweka ua juu ya jeneza huweka na maneno machache yanayosomwa kwa sauti. Kwa kuwa tusingeweza kufika, jirani alisema atatuwekea la kwetu, tumtumie maneno. Nilimwambia binti ayaandike yeye. Alikaa nayo jioni nzima, akaniletea mstari mmoja wa Kiingereza: Nyanya, nilikuwa nakusikiliza. Alitaka niugeuze Kifini. Nilihangaika na kitenzi kile, kwa sababu Kifini kina namna yake ya kutofautisha kusikiliza na kusikia, na mwalimu wangu wa kumwuliza alikuwa amekwisha kufa, darasa limefungwa. Nikaandika nilivyoweza.

Baada ya maziko jirani alinipigia. Mvua ilinyesha. Watu hawakuwa wengi. Baadaye walikunywa kahawa, wakala keki, wakaenda zao. Binti alikuwa amesimama mlangoni ameshavaa koti, anakwenda kwenye kazi yake ya dukani.

"Walisoma yale maneno?" aliniuliza.

"Walisoma."

"Watu walisema nini?"

"Walinyamaza."

"Basi?"

Nilitaka kumweleza kunyamaza kule ni nini, jinsi nilivyofundishwa kutomfukuza mwenye kunyamaza. Nilianza, lakini Kiingereza changu kilikwama, na Kiswahili alichookota kwangu angekielewa nusu, na Kifini hana.

"Basi," nilimwambia.

Alifunga zipu ya koti akatoka. Nilibaki jikoni, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili, sikujua la kufanya na asubuhi iliyobaki.