Udongo wa Soko la Farasi

Bi Traudel Kämpfe aliuza mboga Soko la Farasi, hapa Magdeburg, tangu ujana wake. Banda langu la samaki lilipakana na lake. Mteja akiminyaminya nyanya, alimwambia, "Hiyo si shingo ya mumeo, dada. Iache."

Alizaliwa wakati wa vita vya pili vya dunia, katika nyumba iliyotazamana na uwanja wa soko hilo. Mabomu yaliiangusha. Njaa ilipofuata, mama yake na majirani waling'oa mawe ya uwanja wakapanda viazi na kabichi, na Traudel akajifunza kutembea kwenye matuta. Alipoanza shule mawe yalikuwa yamerudishwa, na watoto wakipita wakipunga bendera mbele ya jukwaa la wakubwa wa serikali. Baadaye pakawa maegesho ya magari, sisi wachuuzi tukasukumwa pembeni. Vuli ya mwaka 1989, watu walipojaa pale na mishumaa kuipinga serikali, naye alikuwamo.

Hayo aliyasimulia kama mtu anayesimulia mvua. "Uwanja ni uwanja," alisema. "Leo gwaride, kesho karoti."

Kisha jiji likaamua magari yawekwe chini ya ardhi, soko lirudi katikati. Kabla ya ujenzi wakaja wachimbaji wa mambo ya kale. Ottmar, muuza soseji, akamtania, "Nenda ukawadai viazi vya mama yako."

Akaenda kweli, na mfuko wa tufaha. Nikamfuata. Msimamizi wao, msichana aitwaye Wiebke, alitushusha kwa ngazi. Ukuta wa shimo ulikuwa tabaka juu ya tabaka.

"Huu mstari mweusi ni nini?" Traudel akauliza.

"Majivu ya vita, Bi Kämpfe."

Akauwekea kiganja. "Na ule mweusi wa chini?"

"Moto mwingine. Karne tatu kabla ya ule wenu. Mji mzima uliteketea."

Chini kabisa palikuwa na tope lililoganda, limejaa nyayo za kwato. Zamani hizo mto upitao mjini ulikuwa umefurika na kulifunika kwa mchanga. Katikati ya kwato palikuwa na unyayo mmoja wa mtoto, peku, vidole vyote vitano wazi kama umekanyagwa asubuhi ile.

"Zaidi ya miaka mia nane," Wiebke akasema polepole.

Traudel, ambaye magoti yalimsumbua, alipiga magoti topeni. Hakuugusa. Hata wachimbaji waliacha majembe.

"Na mimi nilidhani tulianza sisi," akasema.

Unyayo ule ulikatwa pamoja na tope lake, ukapelekwa makumbusho. Maegesho yakajengwa, soko likarudi. Traudel aliendelea kuuza mpaka miguu ilipokataa. Asubuhi, kabla ya kushusha makreti, alikuwa akisimama kidogo juu ya pale ulipokuwa unyayo, na hata Ottmar hakuthubutu kumtania.

Siku hizi mimi humpelekea samaki nyumbani. Juzi aliniuliza nani kachukua nafasi yake. Nikamwambia ni mume na mke kutoka Aleppo, wanauza zeituni.

"Nzuri?"

"Nzuri sana."

"Basi niletee," akasema, akasogeza kiti karibu na dirisha.